Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Mjomba Wako

Mayu Kabula, mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kuaga jumuiya, na mimi nimesingizia mguu. Nimesema unauma. Hauumi kuliko siku nyingine, nilitaka tu mniachie nyumba niandike kabla jua halijazama, maana mimi na taa siku hizi hatuelewani kabisa. Kesho alfajiri utapanda basi la Shinyanga, na huko mbele sijui utabadilisha mabasi mangapi mpaka ufike Ruvuma. Nimejaribu kuhesabu nikaacha.

Habari za kugawa hela sehemu mbili, za kutokula vitu vya dirishani, za kumpigia mama kila basi likisimama, yote hayo amekwisha kukuambia mwenyewe, na kwenye chai ya asubuhi atayarudia. Siyagusi. Wewe ni mtu mzima, una barua ya ajira kwenye bahasha ya kaki, Afisa Ustawi wa Jamii, jina lako na la kwangu limefuata nyuma. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi hadi mama yako akaamua kunifichia, eti nitaichana.

Ninachoandika ni kwa sababu ya neno ulilosema Jumapili tukila. Ulisema, kijiko kiko mkononi: "Baba, mimi huko niendako sitakuwa kama yule dada wa ustawi aliyetufuta. Alihesabu ng'ombe za mjomba bila hata kuuliza za nani. Mimi nitakuwa nauliza." Mama yako akainua macho akanitazama. Mimi nikaomba chumvi, na mboga ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Kabula, aliuliza. Yule dada aliuliza mara mbili.

Haya, nimeliandika. Miaka kumi na minne nimetembea na neno hilo kinywani kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali, anaona aibu kulitema mbele ya wageni. Sasa acha nikueleze lilivyokuwa, maana wewe siku ile ulikuwa shule, darasa la tano.

Unakumbuka nilivyovunjika mguu. Nilikuwa nabeba marobota ya pamba kiwandani, robota moja likaporomoka likanilalia. Nikawa mtu wa kitanda, baadaye mtu wa gongo. Mama yako akabaki na kizimba chake sokoni, mchele na dagaa, na sisi wote tukabaki mgongoni mwake. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa Bwana Abdallah wa duka la vitenge, kule pembeni ya mji wa Bariadi kwenye uwanja mkubwa. Mwezi huu mama yako akilipa kodi ya nyumba, ushuru wa kizimba wa halmashauri unabaki. Mwezi unaofuata analipa ushuru, Bwana Abdallah anabaki. Alikonda yule mama, wewe ulikuwa unafikiri ni mfungo wa Kwaresima.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa alipotuambia kwamba halmashauri ina fungu dogo kwa kaya zilizokwama. Unasaidiwa kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa, na ushuru wa kizimba unasamehewa mpaka usimame tena. Unaandika barua, inapita kwa mtendaji, kisha afisa ustawi anakuja nyumbani kuona kwa macho yake, kisha majina yanasomwa kwenye mkutano wa mtaa. Barua aliiandika mama yako, kwenye karatasi uliyoichana wewe katikati ya daftari lako la hesabu. "Yah: Kuomba kusaidiwa kodi ya pango na kusamehewa ushuru wa kizimba." Mwandiko umenyooka. Mimi nikaweka sahihi halafu nikanuna siku nzima. Eti Masanja leo amekuwa ombaomba!

Sasa, mwezi huohuo mjomba wako akaja kutoka Kimali na ng'ombe wake kumi na mmoja. Kiangazi kilikuwa kimewakaba kule. Akaomba awaweke kwetu mpaka mvua zianze, wachungwe kando ya mto. Bwana Abdallah akakubali uwanja wake utumike, mradi apate maziwa ya asubuhi. Nikatengeneza zizi la miiba kwa mkono mmoja, mwingine umeshika gongo.

Mayu, nikwambie kitu ambacho hata mama yako sijamwambia. Tangu mguu uvunjike sikuwa nimelala usingizi wa maana, na wiki ile nililala. Kuamka unasikia ng'ombe wanapumua nje ya dirisha, loo! Baba yangu alikuwa na zizi, na babu yake alikuwa na zizi, mimi nilikuwa na vyumba viwili vya kupanga na kitanda cha kuazima. Nikawa natoka asubuhi nasimama mlangoni pa zizi, na watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakabadilika sauti. Wiki ya nyuma walikuwa wananirushia tu, "Vipi mguu?" Sasa wanasimama: "Mwangaluka, baba." Nami naitikia taratibu, kama mtu mwenye shughuli nyingi.

Akaja yule dada, mchana, baada ya saa nane. Mama yako hakwenda sokoni siku hiyo kwa ajili yake, alikuwa uani anaosha vyombo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa ofisini, mtu wa "mzee, kitambulisho kiko wapi." Nilikuwa na majibu yake tayari, makali. Akaja msichana wa umri wako wa leo, viatu vimejaa vumbi, akapiga magoti mpaka chini. "Mwadila, baba." Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu. Halafu akageuza uso kwenye zizi akasema, "Na ng'ombe hawajambo?"

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Angekuja na dharau ningemwambia ukweli wote kwa hasira, sina kitu, tazama mwenyewe, hata ng'ombe hizi za shemeji. Lakini alinisalimu kama mwenye mji, na mimi nikawa mwenye mji.

Alikuwa amekuja na mwenyekiti. Halafu kulikuwa na vijana wawili tuliokuwa tukibeba nao marobota, walikuwa wamepita kuniona, wamekaa kwenye gogo. Dada akafungua fomu. Watu wangapi kwenye kaya, nikajibu. Tumepanga kwa nani, nikajibu. Kizimba namba ngapi, mama yako akajibu kutoka uani. Tukafika kwenye mifugo.

"Ng'ombe hizi ni za kwako, baba?"

"Za kwangu."

Vyombo uani vikanyamaza. Dada hakuandika. Alikaa na kalamu juu ya karatasi, kisha akasema polepole, hana haraka, "Baba, naomba niulize tena kwa sababu fomu inataka. Najua watu wa hapa mnatunziana mifugo. Hizi ni za kwako au umewekewa?"

Unaona? Alijua. Alinipa nafasi kwa adabu yote, na mimi nikafanya nini? Nikasimama na gongo langu nikaanza kuwatambulisha mmoja mmoja. Ile nyekundu yenye baka ndiyo mama wa hizo mbili. Ile nyeusi ina maziwa mengi lakini ina hasira. Dume lile nimelitoa mnadani Mwandoya, nililichagua mwenyewe! Uongo mtupu, dume lile mjomba wako alilipata kwenye mahari ya binti yake. Wale vijana kwenye gogo wakatikisa vichwa kwa heshima. Dada akaandika. Nilisoma kichwa chini kutoka pale niliposimama: kumi na moja.

Walipoondoka mama yako hakunipigia kelele. Alikuja akikausha mikono kwenye kanga, akasema, "Baba Kabula, umetulaza nje." Akarudi kwenye vyombo vyake.

Ningeweza kurekebisha, hilo ndilo linaloniuma. Wiki ya pili yake majina yalisomwa mkutanoni. "Kaya ya Masanja, ina uwezo." Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema. Mama yako akanitazama, na kila mtu pale alikuwa na muda wa kukohoa, wa kubadilisha mguu, wa kumtuliza mtoto. Nilitazama viatu vyangu. Yeye angeweza kusimama akasema, lakini angenivua nguo mbele ya mtaa mzima, naye hakutaka kunifanyia hivyo. Baadaye nilikwenda ofisini peke yangu. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka zamu yangu. Dada akaniona, akafurahi, akaniuliza anisaidie nini. Nikasema nimekuja kuuliza choo cha soko kinafunguliwa saa ngapi. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyosema.

Bwana Abdallah alituvumilia kuliko tulivyostahili. Alikuja mwenyewe, akakaa, akasema, "Masanja ndugu yangu, uza mmoja tu. Mmoja! Watoto walale ndani." Nikamwambia ng'ombe hauzwi hovyo. Aliondoka akiniona mtu anayependa ng'ombe kuliko watoto wake, na mtaa mzima ukaona hivyo, na mimi niliona afadhali wanione hivyo. Mvua za kwanza tu zilipopiga, mjomba wako akaja akawaswaga kurudi Kimali, akanishukuru sana. Zizi likabaki na miiba.

Kizimba kikapewa mtu mwingine. Mama yako akaenda kwao Migato na mdogo wako kulima, mimi nikapata ulinzi nikawa nalala kwenye kibanda cha mlinzi, na wewe ukapelekwa Mwandoya kwa shangazi yako. Siku unaondoka ulivaa sweta la shule kwenye jua kali kwa sababu halikuingia kwenye mfuko. Ukaniuliza, "Baba, kwani tumefanya nini?" Nikakuambia yule dada wa ustawi alihesabu ng'ombe za mjomba. Nikaongeza, hakuuliza. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Uliitikia kwa kichwa, ukakunja uso, na nikaona neno langu linaingia ndani yako linakaa. Nikaliacha likae kwa sababu lilinifaa.

Miaka mitatu, Kabula. Mimi ni mtu wa maneno mengi, wewe unanijua, lakini sijui nieleze vipi nilivyokutamani miaka ile. Kibandani nilikuwa na redio, basi nikisikia mtoto anaongea kwenye kipindi naongeza sauti nione kama sauti yako imefanana na hiyo. Nilisahau urefu wako. Nilikuwa naweka mkono kifuani, nasema atakuwa hapa, halafu naupandisha kidogo, atakuwa hapa. Jumapili nilikuwa napiga simu ya shangazi, na wewe unakuja unahema, umekimbia. "Baba, unakuja lini kunichukua?" Nasema wiki ijayo. Kila Jumapili, wiki ijayo. Mwaka wa pili uliacha kuuliza. Ukawa unaniuliza mguu unaendeleaje, kwa adabu, kama mtoto wa jirani. Siku ile ya kwanza uliyoacha kuuliza nilikaa na simu mkononi mpaka ikazimika.

Ulijifunza baiskeli, sikuwepo. Jino lako la mbele lilivunjika, nimeambiwa na watu. Kipaimara chako nilifika nimechelewa, nikasimama nyuma kabisa ya kanisa, na nilipokuona umepita na gauni jeupe nilimuuliza mama mmoja pembeni yule ni nani, kwa sababu sikuwa na uhakika. Akanijibu, "Mtoto wa mwalimu." Alikuwa anamtaja shangazi yako.

Tulipopata chumba tena ukarudi. Mama yako alipika wali na kuku siku hiyo, tukajaza sahani yako. Ulikula, halafu ukaniuliza kama unaruhusiwa kuongeza. Kwenu! Mtoto anaomba ruhusa ya sufuria ya mama yake. Nilitoka nje nikasema naenda kufunga banda la kuku, na hatukuwa na kuku mwingine zaidi ya yule tuliyekuwa tunamla.

Tangu hapo nimekuwa nakufuatafuata kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Unadhani kwa nini nilikuwa nakusindikiza shule ya sekondari na mguu huu? Ulikuwa unaona aibu mbele ya wenzako, nilijua. Nilikuwa natafuta miaka yangu mitatu, na sikuipata. Sasa unakwenda tena, safari hii kwa heri na kwa barua ya ajira, na mimi tangu wiki iliyopita naamka naangalia viatu vyako mlangoni kama bado vipo.

Yule dada nilikutana naye tena, wewe ukiwa kidato cha pili. Sokoni. Alikuwa amepata uhamisho, amekuja kununua mchele wa kwenda nao. Akaniona, akaweka mfuko chini, akapiga goti palepale kwenye matope. "Mwadila, baba. Ng'ombe hawajambo?" Nikamjibu, "Mhola," hawajambo. Sijui leo yuko wapi. Ukimpata kwenye semina zenu, msalimie, na umwombe radhi kwa ajili yangu. Wewe umesoma miaka yote kwa hasira juu yake. Nilikuwa nakuona na vitabu vyako, najua kwamba unamsomea yeye, na nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unafaulu. Hasira hiyo ilinihusu mimi, mayu. Nimekuacha umbebeshe mtoto wa watu.

Huko Ruvuma sijui watu wanajivunia nini. Huenda hawana habari na ng'ombe. Itakuwa mikorosho, au bati jipya, au kijana aliye nje ya nchi asiyetuma kitu. Wewe utakijua kwa sababu mtu atakionyesha kwa kidole kabla hujakaa. Ukimkuta mtu kama mimi, anakuambia za kwangu huku mke wake ameacha kuosha vyombo, sikiliza vyombo. Mtume mwenyekiti maji ya kunywa. Waombe wale vijana wa kwenye gogo wapishe kidogo. Halafu uliza mara ya tatu, mkiwa wawili. Yule dada alifanya kazi yake vizuri, simlaumu. Ila mimi mara ya tatu, peke yetu, ningesema. Nafikiri ningesema. Sina hakika, na hilo nalo nakuambia ujue baba yako ni mtu wa namna gani.

Leo asubuhi, ukiwa unapiga pasi, mama yako alinifuata huku nyuma. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kunitupia neno, hata tukigombana. Akasema, "Sijakusemea mpaka leo, na sitakusemea. Ila usimwache mwanangu apande basi na uongo wako kwenye begi." Akaenda kukunja nguo zako.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kati ya mashuka, uikute ukifika. Ungesoma ukiwa mbali, ungelia au ungetukana, na mimi ningekuwa nimekaa hapa sijui lolote, nasubiri simu. Naogopa, Kabula. Naogopa utaanza tena kuniuliza mguu unaendeleaje. Lakini nimekwisha kutazama viatu vyangu mara moja mkutanoni, na ninajua kilichofuata.

Kwa hiyo nitakupa mkononi. Nawasikia mnakuja, mama yako anacheka na mtu barabarani. Ukiingia nitakupa, usome chumbani kwako, na ukute hapa barua niliyotakiwa kuiandika mwaka ule kwa mkono wangu. Yah: Kuomba msamaha. Mwombaji: Masanja. Mifugo: hakuna, na hajawahi kuwa nayo.

Nitakuwa nje kwenye benchi. Ukitaka kulala bila kuniona, lala, kesho nitakubebea begi mpaka stendi na sitakuuliza neno. Lakini kama miaka ile kuna Jumapili hata moja uliyokaa kwenye ngazi za shangazi yako unatazama barabara ya kutoka Bariadi, ukiamini nilichosema kwenye simu, basi toka nje unione. Nimechelewa sana, najua. Nimekuja, mayu.

Baba yako,
Masanja